Kulala mchana ni kazi: maelekezo ya mkunga wa Busia kwa watu wa zamu ya usiku

Walinzi, madereva wa malori na wauguzi wenzangu huniuliza swali lile lile: ninywe nini nisisinzie usiku? Nami huwauliza: jana mchana ulilala wapi, tangu saa ngapi mpaka saa ngapi? Anayeinamisha kichwa saa kumi alfajiri mara nyingi aliharibu mambo saa nne asubuhi, alipokuwa anafua nguo au amekaa kwenye kikao cha ukoo wakati alitakiwa awe kitandani.

Mimi ni mkunga wa zamu ya usiku hapa Busia, upande wa Uganda. Naingia saa mbili usiku, natoka saa mbili asubuhi, ikiwa mwenzangu wa kunipokea hakuchelewa. Mume wangu ni dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala, na kaka yangu analinda ghala la mahindi. Nyumba yetu ni ya watu wanaolala kwa zamu. Kama wewe hulala usiku kama watu wengine, mshukuru Mungu, kisha usome hata hivyo, kwa sababu huenda jirani yako ni mmoja wetu na kelele ni zako.

Unashindana na nini

Usingizi huletwa na mambo mawili. La kwanza ni uchovu wa kukaa macho. Ubongo ukifanya kazi, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya humo, na kadiri inavyoongezeka ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Ukilala inapungua. La pili ni saa ya mwili, kundi la seli zipatazo 20,000 ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya fahamu ya macho inapopishana. Saa hiyo ndiyo hupanga lini joto la mwili lipande na lini lishuke, lini homoni ya melatonini itoke kutangaza giza, lini tumbo liwe tayari kupokea chakula. Alexander Borbély, mtafiti wa Zürich huko Uswisi, aliyaeleza mambo haya mawili pamoja mwaka 1982, na wataalamu wa usingizi bado huanzia hapo. Hall, Rosbash na Young, waliofumbua jinsi saa hiyo inavyojiendesha ndani ya seli, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Kazi yao waliifanya kwa inzi wadogo wa matunda. Hata inzi ana ratiba yake.

Kwa mtu wa mchana mambo hayo mawili huenda pamoja: usiku ukiingia uchovu umejaa na saa nayo inasema lala. Kwa mtu wa zamu yanagombana. Unafika nyumbani saa tatu asubuhi ukiwa hoi, unalala fofofo, halafu saa saba macho yanafunguka yenyewe. Uchovu umepungua kiasi, na saa ya mwili imeng'ang'ania kwamba ni mchana. Ndiyo maana usingizi wa mchana huwa mfupi kuliko wa usiku kwa saa moja hadi nne, hata kwa mtu aliyechoka kupita kiasi. Usijilaumu, wala usitafute aliyekuroga.

Wengine huniambia, "Musawo" (ndivyo tunavyoitwa watu wa afya huku), "mwili utazoea tu." Kwa wachache sana ndio saa hugeuka kabisa. Saa ya mwili wa binadamu, ikiachwa gizani, hujizungusha kwa muda unaozidi kidogo saa 24, kama dakika kumi hivi, kwa hiyo kila siku lazima irekebishwe. Kinachoirekebisha ni mwanga unaoingia machoni. Nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga, hasa ule wa bluu, na kupeleka habari kwenye saa. Hata baadhi ya vipofu wanazo na zinafanya kazi. Sasa sisi wa karibu na ikweta jua hutuchomozea karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, likisogea kwa nusu saa tu kati ya msimu na msimu. Hatuna miezi ya giza kama watu wa Ulaya ya kaskazini. Kila asubuhi unapotoka kazini jua limeshatangulia kuiambia saa yako kwamba siku imeanza, na ndiyo maana maelekezo yangu yanaanzia getini pa kazini, kabla hujafika kitandani.

Njia ya kurudi

Jua la wazi la mchana hufika laksi 100,000, laksi ikiwa kipimo cha mwanga. Taa za wodi yetu hazizidi mia chache. Nusu saa ya kutembea juani kutoka kazini, ukisimama kununua nyanya na kusalimiana na kila mtu, inatosha kuiamsha saa ambayo usiku kucha ilikuwa inakusihi ulale. Vaa miwani ya jua tangu mlangoni, na kofia yenye ukingo mpana. Vijana wa stendi watakucheka kwamba siku hizi musawo amekuwa msanii. Waache. Sokoni pitia jioni ukielekea kazini.

Hiyo ni kwa anayetembea au aliyebebwa. Ikiwa wewe ndiye unayeendesha, miwani ya giza juu ya usingizi ni hatari, ivue. Tena, fikiria kama unafaa kuendesha kabisa. Mwaka 1997 Dawson na Reid, watafiti wa Australia, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya vibaya sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, na akifikisha saa 24 ni sawa na mwenye asilimia 0.10. Piga hesabu yako. Umeamka saa nane mchana, umetoka kazini saa mbili asubuhi: hizo ni saa 18. Hujaonja hata tone, lakini pikipiki unayoiwasha inaendeshwa na mtu aliyelewa. Panda boda ya mwingine aliyelala.

Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio, kujipiga makofi mashavuni: vyote hivyo hukupa dakika chache tu. Dereva anayesinzia dawa yake ni moja, aegeshe alale. Mume wangu akiona kope zinamshinda kabla ya Iganga hukata kona kuingia Naluwerere, kituo cha malori pale Bugiri, akalala dakika ishirini ndani ya kabini, ndipo aendelee. Mzigo ukichelewa, mwenye mzigo atapiga simu, atafoka, na maisha yataendelea.

Chumba

Mwanga kwanza. Pazia la kitenge halizuii kitu. Mimi nimepigilia ndani ya dirisha blanketi zito la kijivu, lile wanalonunuliwa wanafunzi wa bweni, na kati yake na nondo nimepachika maboksi ya kadibodi niliyopewa bure dukani. Pembeni nimebandika utepe wa gundi. Kujua kama giza limetosha, funga mlango saa sita mchana, nyoosha mkono mbele ya uso. Ukihesabu vidole, bado. Angalia hasa ule mwanya kati ya ukuta na mabati. Watu huziba dirisha lote wakasahau huko juu. Kama unaishi kwenye muzigo, kile chumba kimoja cha kupanga, na mwenye nyumba hataki misumari ukutani, kata fulana nyeusi ya pamba, jifunge machoni. Si kitu cha kupendeza lakini kinafanya kazi.

Giza hilo lina wageni wake. Mbu wa malaria hung'ata zaidi usiku, lakini mchana hutafuta pembe zenye giza wapumzike, na wewe ndiye uliyewatengenezea. Wapo pia mbu wa mchana, wale wenye mabaka meupe miguuni. Kwa hiyo neti ishushwe hata saa nne asubuhi. Nimeona wauguzi wanaohubiria wajawazito neti kila kliniki, kisha wao wenyewe wanalala mchana neti imefungwa fundo juu.

Kisha joto. Usingizi huja vizuri joto la ndani la mwili linapoanza kushuka. Mchana saa yako inalipandisha, na mabati yanasaidiana nayo. Ukifika nyumbani oga maji ya uvuguvugu. Yale ya baridi yanakuzindua, lakini ya uvuguvugu huvuta damu kuja kwenye ngozi, hasa viganjani na nyayoni, na joto la ndani hutoka kupitia huko. Chini ya mabati sisi tumetandaza mikeka ya mafunjo ikawa silingi. Gharama ni ndogo na tofauti unaisikia. Kama nyumba ina vyumba viwili, lala kile cha upande wa magharibi: asubuhi jua linapiga ukuta wa mashariki, na litakapohamia kwako umekaribia kuamka. Kwetu chumba cha wazazi kilikuwa mashariki, nikabadilishana na watoto. Mama mkwe aliona nimeshusha heshima ya ndoa. Ndoa ipo, na usingizi nao upo.

Kelele nimeiacha mwisho kwa makusudi. Nyuma ya nyumba yetu kuna mashine ya kusaga inayonguruma tangu asubuhi, nami nalala. Lakini mtu akisema "Musawo!" mara moja getini, hata kwa sauti ya chini, nimeshakaa kitako. Ubongo uliolala unaendelea kusikiliza, na unachagua: jina lako, kilio cha mwanao, sauti inayobadilika ghafla. Mngurumo usiobadilika unaupuuza. Ndiyo maana feni husaidia mara mbili, kwa upepo na kwa sauti yake inayofunika nyingine, umeme usipokatika. Vizibo vya masikio vya sponji vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa ni vizuri kuliko pamba. Ila vyote hivyo havimzuii mtu aliyekuja kukuita kwa jina.

Watu

Hapa ndipo watu wengi wa zamu hushindwa, hasa wanawake. Mwanaume mlinzi akilala mchana, watoto wanaambiwa wanyamaze, baba amelala. Mwanamke akilala saa tano asubuhi wakati majirani wanaanua mahindi uani, anaitwa mvivu. Nilianza na mama mkwe kwa sababu yeye ndiye mwenye sauti pale kwetu. Nikamuuliza, "Mama, mtu akija kugonga saa nane usiku amwamshe mwanao atoe pesa ya kikundi, utamfanyaje?" Akasema atamtimua. Nikamwambia, "Basi mama, saa tano ya asubuhi ndiyo saa nane yangu ya usiku." Tangu hapo ndiye mlinzi wangu. Anakaa barazani na mwiko wake, na hata mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, amewahi kurudishwa. Kama huna mama mkwe, tafuta mtu mzima mwenye heshima mtaani, umweleze mapema, wala si siku ambayo umeshakasirika. Ukishalala huwezi kujitetea mwenyewe mlangoni.

Weka kanuni inayoeleweka. Kwetu leso nyekundu ikining'inia mlangoni, mtu haniiti isipokuwa kwa damu, moto au mtoto mgonjwa. Sukari, mchango wa harusi na deni la shilingi elfu tano ni baada ya saa kumi. Simu izimwe kabisa. Ile ya kutetema ni mbaya, kwa sababu unalala ukiisubiri. Mpe mtu mmoja tu namba ya simu ya mwingine aliye ndani ya nyumba.

Yapo mambo usiyoweza kuyakwepa. Jirani akifiwa, mazishi ni mchana, na huwezi kusema ulikuwa umelala. Siku kama hiyo gawanya usingizi: lala saa tatu mpaka saa saba, nenda mazishini, rudi ulale tena saa kumi na moja mpaka saa moja kasoro robo, kisha kazini. Hapo unapata saa sita kasoro robo. Siku nyingine unachotafuta ni jumla ya saa saba au zaidi katika saa 24, na vipande viwili vinakubalika ikiwa kimoja kati yao ni kirefu. Mama anayenyonyesha afanye vivyo hivyo: mtoto aletwe, anyonye, achukuliwe na aliyemleta. Usiseme utalala naye hapo hapo mkibembelezana, hakuna atakayelala.

Niseme kuhusu jinamizi, maana watu wa zamu husumbuliwa nalo sana. Unaamka, unajua uko chumbani, lakini mwili haugeuki, na unahisi kuna kitu kimekukalia kifuani. Wakati wa usingizi wa ndoto ubongo hulegeza karibu misuli yote ili usiigize unachoota. Mara nyingine akili inaamka kabla ya kile kizuizi kuondolewa. Hutokea zaidi kwa anayelala kwa saa zinazobadilika-badilika, aliyekosa usingizi, au anayelala chali. Ukitaka kuomba, omba, nami naomba. Kisha lala ubavu, na ulipe usingizi unaodaiwa.

Kahawa, mairungi, waragi na vidonge

Kafeini haiondoi adenosini. Inakalia viti vyake tu, adenosini inabaki imesimama mlangoni, na kafeini ikiondoka inaingia yote kwa pamoja. Nusu ya kafeini uliyokunywa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kwa mjamzito wa miezi ya mwisho inaweza kufika mara mbili au tatu ya hapo. Kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango pia inakawia. Basi kikombe cha saa kumi alfajiri, saa tatu asubuhi nusu yake ungali nayo kitandani. Utalala, ndiyo, lakini usingizi mzito unapungua, nawe utaamka ukisema umelala na hujapumzika.

Kanuni yangu: kikombe cha kwanza mwanzo wa zamu, cha pili kidogo kabla ya saa nane usiku, basi. Na ujue kahawa unayokunywa. Robusta, ambayo ndiyo kahawa yetu ya asili hapa Uganda, ina kafeini karibu mara mbili ya Arabika ya Mlima Elgon. Kikombe cha Robusta ya kuchemsha pale stendi si mchezo. Chai ni nyepesi zaidi, lakini vikombe vinne vya chai bado ni kafeini.

Mairungi, yaani miraa, yanakukesha kweli, kwa kemikali iliyo karibu sana na amfetamini, na kesho yake yanakukesha tena wakati unataka kulala. Ndipo mtu anatafuta waragi, pombe kali ya kwetu, ya kumshusha. Waragi inakulaza haraka, kisha baada ya saa chache inakuamsha na moyo unakwenda mbio, ndoto zako zimekatwakatwa, kibofu kimejaa. Nimeona walinzi waliozunguka kati ya hivyo viwili miaka, majani usiku na chupa asubuhi, na wote walidai tatizo lao ni kazi.

Vidonge je? Diazepamu inayouzwa kwa rejareja dukani bila cheti, au Piriton ya mafua inayomezwa kama dawa ya usingizi, usianze. Diazepamu mwili huizoea, na kuiacha ghafla baada ya muda mrefu ni hatari. Ya mafua inakuacha na ukungu kichwani hadi jioni. Kama hulali kwa wiki kadhaa ingawa chumba ni giza na umeacha kahawa, mwone daktari.

Chakula kwa kifupi. Usiku wa manane mwili huishughulikia sukari vibaya kuliko mchana. Kula mlo wako mkubwa kabla ya kuingia kazini, posho (ugali) na maharage yako yote, halafu usiku yai, ndizi, njugu. Rolex ya saa tisa usiku, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, najua ni tamu. Kula nusu.

Usiku wenyewe

Kabla ya zamu ya kwanza lala mchana, hata kama usiku uliotangulia ulilala kawaida. Saa moja na nusu inatosha kukamilisha mzunguko mmoja wa usingizi, mwepesi, mzito na wa ndoto. Kazini, ikiwa mpo wawili na mnaruhusiwa kupokezana, dakika ishirini zinakuzindua. Ukipitiliza mpaka dakika arobaini au zaidi unaingia usingizi mzito, na ukiamshwa humo unaamka umelewa usingizi. Hali hiyo inaweza kuchukua nusu saa kuisha. Usishike sindano wala usukani kabla haijaisha. Wengine hunywa kahawa kisha wakalala hizo dakika ishirini papo hapo, kwa kuwa kafeini huchukua muda kama huo kufanya kazi. Kwangu inanifaa mapema usiku.

Saa ngumu ni kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, joto la mwili linapofika chini kabisa. Bahati mbaya kwetu wakunga, uchungu unaokuja wenyewe hupenda usiku, kwa sababu melatonini inaisaidia oksitosini, homoni ya uchungu, kukaza misuli ya mfuko wa uzazi, na watoto wengi wasiosukumwa na dawa huzaliwa kati ya usiku wa manane na alfajiri. Yaani saa yangu mbaya ndiyo saa yao nzuri. Kwa hiyo katika muda huo mimi sikokotoi dozi peke yangu. Naisoma kwa sauti, mwenzangu anairudia, ndipo navuta dawa kwenye bomba. Mlinzi naye aandike daftari lake kila nusu saa akiwa amesimama. Mwuza chipsi ahesabu chenji mara mbili.

Wala usijipime kwa hisia. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake huko Marekani waliwalaza watu saa sita tu kila usiku kwa wiki mbili. Mwishoni walikuwa wanakosea kama watu waliokesha usiku mzima au zaidi, na wao wenyewe walisema wana usingizi kidogo tu. Mtu anayekwambia "mimi saa nne zinanitosha" amezoea tu kuwa hivyo.

Hasara haiishii kichwani. Vijana wenye afya waliolazwa saa nne tu kwa siku sita mfululizo katika utafiti wa Chicago wa mwaka 1999, miili yao ilianza kushughulikia sukari kama ya watu wanaoelekea kwenye kisukari. Waliokosa usingizi wakati wa kuchanjwa hutengeneza kinga kidogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kazi ya zamu ya usiku kwenye kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani, mwaka 2007 na tena 2019. Sisemi uache kazi. Ada za shule hazilipwi na IARC. Nasema pima presha na sukari kila mwaka, hata kama hujisikii mgonjwa.

Siku za mapumziko

Zamu ya mwisho ikiisha, usilale mchana kutwa. Lala saa tatu mpaka saa sita, jilazimishe kuamka, kaa juani bila miwani, na saa nne usiku utalala kama watu. Kama una siku moja au mbili tu, usiigeuze saa yote. Lala saa tisa usiku mpaka saa nne au tano asubuhi, utakuwa umebaki katikati na kurudi kazini hakutakuumiza. Ukiweza kumwomba msimamizi jambo moja, omba zamu ziende mbele: asubuhi, kisha jioni, kisha usiku. Saa ya mwili huzidi kidogo saa 24, kwa hiyo kuchelewa inakubali kuliko kuwahi. Kuna wapangaji ratiba wanaozirudisha nyuma kwa sababu ndivyo daftari lilivyochorwa zamani.

Lini uje kituoni

Anayekoroma kwa nguvu, anakata pumzi, kisha anashtuka kama aliyekabwa koo, aje, hasa akiwa dereva. Anayesinzia katikati ya maongezi ingawa analala saa zake, aje.

Kisha malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Watu wa huku mashariki wazee wetu waliujua ugonjwa huo kwa hofu: mlipuko ulioanza Busoga mwanzoni mwa karne ya 20 uliua zaidi ya watu 200,000. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za vimelea vyake. Ile ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, WHO ilithibitisha mwaka 2022 kwamba si tatizo la afya ya jamii tena. Ya upande wetu sasa ni nadra, lakini ng'ombe hubeba vimelea vyake. Malale hauongezi usingizi tu, unaivuruga ile saa ya mwili: mgonjwa analala ovyo mchana na kukesha usiku. Mtu wa zamu anaweza kudhani ni kazi yake. Ukiwa na homa zinazorudi ambazo dawa ya malaria haizimalizi, kichwa kinauma, na usingizi wako umegeuka hata siku za mapumziko, njoo upimwe damu chini ya hadubini, na utaje kama umechunga ng'ombe au umeumwa na mbung'o. Kwa lolote kati ya hayo andika kwanza kwa wiki mbili saa ulizolala na saa ulizoamka, na ulichokunywa. Ukija na karatasi hiyo tutaanza na maswali yanayofaa.